Watoto wa Renesansi walicheza na mabaki ya kazi za wakubwa

Swali la msomaji: "Mwanangu yuko darasa la sita. Juzi walisomeshwa habari za Leonardo da Vinci na Michelangelo, na usiku akaniuliza: watoto wa wakati ule walikuwa wanacheza nini, maana hakukuwa na TV wala simu? Nikamjibu kwamba hawakuwa na muda wa kucheza, walikuwa kama watu wazima wadogo, wanafanya kazi tangu utotoni. Hakuridhika, na mimi mwenyewe sikuridhika. Nimekosea wapi? Na kuna chochote ninachoweza kumwonyesha?"

Dada yangu, jibu ulilompa lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tamu zaidi.

Kazi ilikuwepo. Renesansi, zama ambazo Ulaya ilirudia elimu na sanaa za Wagiriki na Warumi wa kale, tuseme kuanzia Italia ya miaka ya 1400 hadi Uingereza ya Shakespeare mwanzoni mwa miaka ya 1600, haikuwa zama za wachoraji peke yao. Watu wengi walikuwa wakulima na mafundi, na mtoto akifika miaka 7 alikuwa tayari anafukuza ndege shambani, anaokota kuni, anamtazama mdogo wake. Akifika 12 au 14, wengi walipelekwa kwa fundi kujifunza kazi, au kwenye nyumba za watu kutumika. Lakini anayedhani kwamba mtoto aliyetumwa kuchunga hachezi, huyo hajawahi kuchunga. Mchezo uliingia humo humo ndani ya kazi, njiani kwenda kisimani, nyuma ya bucha, mbele ya karakana ya fundi mapipa.

Hilo la "watu wazima wadogo" wala hukulitunga wewe. Mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alichapisha hoja kwamba Ulaya ya zamani haikuuona utoto kama kipindi cha pekee, na kwamba mtoto alipoweza tu kujitegemea kidogo alichanganywa na wakubwa katika kazi na starehe zao. Hoja hiyo ilienea mno, ikaingia hadi kwenye vitabu vya shule. Wanahistoria waliomfuata, akiwemo Mwingereza Nicholas Orme, walirudi kwenye nyaraka na kwenye vitu vilivyofukuliwa ardhini, wakakuta watoto wenye vitu vyao vya kuchezea, nyimbo zao, sheria zao za mchezo na hata misimu yao ya kucheza. Mimi niko upande wa hawa wa pili bila kusita, na sababu zangu ni hizi zifuatazo.

Ugumu wa somo lenyewe ni kwamba mtoto haandiki. Aliyeandika habari zake alikuwa mtu mzima, na mara nyingi mtu mzima aliyesumbuliwa naye au aliyemlilia: mwalimu aliyeombwa ruhusa, mhubiri aliyekasirika, karani wa mahakama, ofisa aliyechunguza vifo. Kwa hiyo tunawaona watoto hawa kwa kuchungulia, kupitia ufa wa mlango uliofunguliwa kwa shughuli nyingine. Anza na vitu vyenyewe, kwa sababu vitu havina ugomvi na mtu.

Kitu cha kwanza ni mfupa. Katika kifundo cha mguu wa nyuma wa kondoo au mbuzi kuna kifupa kidogo kinachokaa vizuri kwenye kiganja. Kinaweza kutulia kwa pande nne, na kila upande una umbo lake. Wagiriki na Warumi walikirusha kama dadu. Watoto wa Renesansi walikirithi, lakini walikitumia zaidi hivi: unarusha kimoja juu, unazoa vingine chini, unakidaka kabla hakijaanguka. Kama ulikua ukicheza mdako, mikono yako inaujua mchezo huu tayari, tofauti ni kwamba sisi tulitumia kokoto na kishimo. Ulikuwa hasa mchezo wa wasichana, nao ulikuwa bure kabisa, kwani nyama ikishaliwa mfupa ulikuwa hauna mwenyewe.

Cha pili ni kibofu cha nguruwe. Sehemu kubwa ya Ulaya nguruwe walichinjwa mwishoni mwa majira ya vuli, kuelekea Novemba na Desemba, kabla ya baridi kali kumaliza malisho. Nyama ilitiwa chumvi, utumbo ukawa soseji, na kibofu wakapewa watoto. Walikipuliza kikiwa kibichi, wakakifunga na kukiacha kikauke. Ukitia mbaazi kavu ndani unapata kayamba. Ukikivika ngozi unapata mpira. Katika kasri la Stirling, Uskoti, ulipatikana mpira wa namna hiyo, kibofu ndani na ngozi nje, ukiwa umenasa juu kwenye mbao za chumba cha malkia tangu miaka ya 1540. Ni mdogo kuliko mpira wa miguu wa leo, na unahesabiwa kuwa miongoni mwa mipira ya zamani zaidi iliyobaki duniani. Naupenda sana mpira ule. Kuna mtu aliupiga, ukapaa, haukurudi.

Orodha inaendelea kwa mtindo huo huo. Pipa likivunjika, pete zake zikawa ringi za kusukuma kwa kijiti, kama watoto wa kwetu wanavyosukuma ringi ya baiskeli. Fimbo ikawa farasi. Kokwa za jozi zilipangwa tatu chini na moja juu, mfano wa ngome, kisha unalenga kwa kokwa ya tano, na ukiibomoa ngome zote ni zako. Gololi zilikuwa za udongo uliochomwa. Pia, kile kichezeo cha kuzungusha, ilichongwa kwa mti na kuchapwa kwa kamba ili izunguke, na hiyo ilichezwa sana wakati wa baridi, kwa sababu inakupasha mwili joto.

Ukisikia mtu anasema watoto hawa hawakuwa na vitu vya kuchezea, maana yake ni kwamba havikununuliwa. Na hata hilo si kweli lote. Mji wa Nürnberg, Ujerumani, ulikuwa na mafundi wa wanasesere tangu mwanzoni mwa miaka ya 1400. London, kwenye matope ya mto Thames, maji yakipwa watu wanaokota mpaka leo visahani, vijagi na vijitu vidogo vya bati na risasi vilivyomwagwa kwenye kalibu kwa wingi, vitu vya bei ya chini ambavyo hata mtoto wa fundi angeweza kuvipata siku ya gulio.

Sasa tuje kwa shahidi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1560 mchoraji wa Flanders (Ubelgiji ya leo), Pieter Bruegel Mkubwa, alichora kwa rangi za mafuta, juu ya ubao wa mwaloni wenye upana wa mita moja na sentimita sitini hivi, uwanja wa mji uliotekwa na watoto. Leo ubao huo uko Vienna, kwenye jumba la makumbusho la Kunsthistorisches. Kuna watoto zaidi ya 200, na michezo inayotambulika ni kama 80. Hakuna biashara ya kweli pale, hakuna anayepita na mzigo. Watu wazima ni wa kutafuta kwa tochi.

Tazama anavyokijua alichokichora. Chini kushoto wasichana wawili wameinamia mifupa. Nyuma yao kuna wanaocheza na wanasesere. Wavulana wawili wanasukuma ringi. Mmoja amepuliza kibofu mpaka mashavu yamemtoka. Wengine wamepanda pipa lililolala kama farasi. Mtoto mmoja anakoroga kinyesi kwa kijiti, na Bruegel amemchora kwa uangalifu ule ule aliowachorea wengine, kwa sababu aliona kwamba huo nao ni mchezo. Upande wa kushoto kuna aliyefunikwa macho anawapapasa wenzake, kushoto juu kuna wanaoogelea mtoni na wanaokwea mti, na kuna waliopanda ngongoti.

Wawili kati yao nataka mwanao awatafute. Wa kwanza yuko chini upande wa kulia: anakwangua tofali jekundu, unga wake anaupima na kuuuza. Ni duka. Wachoraji wa wakati ule walinunua rangi zao zikiwa unga, kwa hiyo duka analoliiga mtoto huyu ni duka ambalo Bruegel mwenyewe alikuwa mteja wake. Wa pili si mmoja bali ni kundi, katikati ya uwanja: msafara wa harusi. Bibi harusi mdogo, nywele zimeachiwa, taji kichwani, wenzake wanamsindikiza. Nasi tulicheza baba na mama, tukajipikilisha mchanga kwenye vifuu, tukaozeshana chini ya mwembe. Sidai kwamba mchezo ulitoka kule ukaja huku. Nasema kwamba watoto wa pande zote mbili walikuwa wakitazama wakubwa kwa makini kuliko wakubwa walivyojua.

Wataalamu wanagombana kuhusu nia ya Bruegel. Wengine wanasema picha ni onyo: wanadamu wanapoteza maisha kwa mambo ya kitoto, na ndiyo sababu nyuso za watoto wake zimekomaa hivyo. Mimi nikimtazama yule mwenye kibofu siamini kwamba mtu aliyekusudia kukemea tu angehangaika na mashavu yale.

Mahakama nayo ilituachia zawadi bila kukusudia. Mwaka 1598, huko Guildford, kusini mwa Uingereza, watu waligombea kipande cha ardhi. Akaitwa mzee John Derrick, mwenye miaka 59, aeleze ardhi ile ilitumikaje zamani. Akasema kwamba alipokuwa mwanafunzi wa shule ya pale, yeye na wenzake walikuwa wakikimbia na kucheza kriketi juu yake. Ushahidi huo unaturudisha kama 1550, na ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa mchezo wa kriketi kutajwa kwenye maandishi. Fikiria: mchezo unaojaza viwanja vikubwa leo unaingia kwenye historia kwa sababu mzee alikumbuka mahali alipochezea utotoni, na karani akaandika.

Kuna na nyaraka za majonzi. Uingereza kila kifo cha ghafla kilichunguzwa na ripoti kuandikwa, na ripoti hizo zimejaa watoto waliokuwa wanacheza tu. Mwaka 1569, kijiji cha Upton Warren, mtoto wa miaka miwili na nusu aitwaye Jane Shaxspere alikuwa anachuma maua ya manjano kando ya bwawa la kinu. Akateleza, akazama. Kijiji hicho hakiko mbali sana na Stratford, ambako mwaka ule William Shakespeare alikuwa na miaka 5. Kama walikuwa ndugu au la, kilichonikaa moyoni ni kwamba mchezo wa mtoto yule tunaujua kwa maua aliyokuwa akiyafuata.

Usifikiri pia kwamba michezo yao yote ilikuwa ya upole. Florence ndio mji unaotajwa kila Renesansi inapotajwa, na wavulana wa Florence walikuwa tishio. Wakati wa kanivali, kabla ya Kwaresima, walifunga barabara kwa miti mirefu wasimruhusu mtu kupita, hasa wanawake, mpaka atoe hela, na hela hizo ziliishia kwenye vyakula vyao na mioto mikubwa waliyowasha usiku. Kisha mitaa ilirushiana mawe, na kila mwaka kulikuwa na waliokufa. Mwaka 1478, baada ya njama ya ukoo wa Pazzi dhidi ya akina Medici, ukoo uliotawala mji, kushindwa, wavulana waliifukua maiti ya mzee Jacopo de' Pazzi, wakaiburuta kwa kamba mitaani, wakaifikisha mlangoni kwake wakibisha hodi kwa dhihaka, mwishowe wakaitupa mtoni Arno. Hili nakuandikia wewe, si la kumsimulia mtoto kabla ya kulala. Luca Landucci, muuza dawa wa mji ule, aliliandika katika shajara yake.

Kinachonishangaza ni kilichofuata. Mtawa Girolamo Savonarola, alipokuwa na nguvu mjini, hakuwakataza wavulana wale tu. Aliwapa mchezo mwingine wenye umbo lile lile. Kanivali ya 1496, badala ya kudai hela kwa miti, waliandamana kwa maelfu wakiimba na kukusanya sadaka za maskini. Mwaka uliofuata walipita nyumba kwa nyumba wakidai karata, dadu, vioo, barakoa na nywele za bandia, na tarehe 7 Februari 1497 vikachomwa katika uwanja mkuu. Moto ulikuwa ule ule wa kanivali, umebadilishwa jina. Landucci anaandika kwa fahari kwamba wanawe mwenyewe walikuwa miongoni mwa watoto wale. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Mei 1498, Savonarola mwenyewe alinyongwa na kuchomwa katika uwanja huo huo.

Walimu nao walikuwa na maoni yao, na hapa Renesansi kweli ilileta jambo jipya. Wasomi waliorudi kwenye vitabu vya Wagiriki na Warumi walikuta huko kwamba mwili unafundishwa pamoja na akili. Vittorino da Feltre alifungua shule Mantua mwaka 1423, katika jengo lililoitwa Nyumba ya Furaha, na wanafunzi wake walikimbia, waliogelea na kucheza mpira kama sehemu ya masomo. Erasmus wa Rotterdam, katika miaka ya mwanzo ya 1520, aliwaandikia wavulana mazungumzo ya kujifunzia Kilatini, na moja linahusu kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda kucheza. Mmoja anasema moyo, mbingu na siku yenyewe vyote vinawaita mchezoni. Mwenzake anajibu: vyote vinaita, isipokuwa mwalimu. Mwisho wanaruhusiwa, kwa sharti wawe pamoja na warudi kabla jua halijatua. Sharti hilo nimelisikia kwa Kiswahili maisha yangu yote. Na mwaka 1581 mwalimu mkuu Richard Mulcaster wa London aliutetea mpira wa miguu, wakati wenye mamlaka walikuwa wakiupiga marufuku kwa fujo zake. Alisema wachezaji wapunguzwe, wapangwe kwa pande, na awepo mtu wa kuusimamia. Alikuwa anamwelezea refa.

Uliuliza watoto wote, na mpaka hapa wavulana wamejaa mno. Ndivyo nyaraka zilivyo, kwani mvulana alikuwa shuleni au mtaani ambako kulikuwa na mwenye kalamu, dada yake alikuwa ndani akisokota uzi. Ndiyo maana naithamini picha ya Sofonisba Anguissola, binti wa Cremona, Italia, aliyoichora mwaka 1555 akiwa kijana. Aliwachora wadogo zake watatu wakicheza sataranji bustanini. Mmoja amesogeza kete na kututazama, mwingine ameinua mkono kama anayekubali ameshindwa au anayetaka kubisha, na mdogo kabisa anacheka kwa kuona dada yake amebanwa. Sataranji hiyo ilifika Ulaya kwa njia ya Waajemi na Waarabu, waliotupa na sisi jina lake. Miaka kama 60 au 80 hivi kabla ya picha, Ulaya ilikuwa imebadilisha sheria: malkia, aliyekuwa akienda hatua moja tu ya mshazari, akapewa uwezo wa kwenda mbali upande wowote, kwa mstari ulionyooka au wa mshazari. Wasichana watatu, na kete yenye nguvu kuliko zote ni ya kike. Sijui mtu awezaye kulitazama bila kufurahi.

Watoto wa wafalme nitawapitia haraka, kwa sababu vitabu vinawajua tayari. Kaizari Maximilian I alijichoresha akiwa mtoto, akicheza na rafiki yake mezani kwa wapanda farasi wadogo wenye mikuki, unaowavuta wagongane mpaka mmoja aanguke. Vifaa vya namna hiyo, vya shaba, vipo Vienna mpaka leo. Ni vizuri, lakini mtoto wa muuza nyama aliyefunga fimbo kati ya miguu yake na kuchukua nyingine kama mkuki alikuwa anacheza mchezo ule ule.

Sasa la kumwonyesha. Kwanza, mtafutie kwenye simu picha ya Giovanni Francesco Caroto wa Verona, ya miaka ya 1515 hadi 1523 hivi. Mvulana mwenye nywele nyekundu anatutazama huku anacheka, mkononi ameshika karatasi yenye mtu aliyemchora mwenyewe: kichwa, mwili, miguu ya vijiti. Mwanao ataujua mchoro ule kabla hujasema neno, kwa sababu naye aliuchora chekechea.

Pili, mwombe muuza nyama wako akuwekee vifupa vya kifundo cha mguu wa nyuma wa mbuzi. Kila mbuzi anatoa viwili tu, kwa hiyo kupata vitano kutachukua siku. Vichemshe, vikwangue, vianike, kisha umfundishe mdako kwa mfupa.

Na jioni moja mfungulieni Bruegel kwenye kioo kikubwa kuliko simu kama kinapatikana. Anzieni kwa wale wawili wenye mifupa, kona ya chini kushoto, mpande polepole bila kumharakisha. Ukiona anachoka, mwambie atafute dirisha la juu upande wa kushoto. Kuna mtu pale amejificha nyuma ya barakoa, anawatazama wenzake wote walioko chini.